Somo la 7: Shamba la Anathothi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Yeremia 32:1–27, Yeremia 29:4–10, Matendo 24:24–27, Nehemia 5, 2 Wafalme 5:20–27, 1 Samweli 12:1–5, Luka 3:10–14, Waebrania 11:8–16.

Fungu la kukariri: Yeremia 32:15. (Likariri kama lilivyo katika Biblia yako.)

Kuna maneno ambayo washiriki hawayasemi ndani ya kanisa, lakini huyasema njiani wakirudi nyumbani. Mojawapo ni hili: "Nchi hii mimi nimeikatia tamaa." Anayesema hivyo si mwasi wala si mvivu. Ni mama aliyeuza kuku wawili apate nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, na alipofika akaombwa "chochote" kabla faili halijaonekana. Ni kijana mwenye cheti aliyeambiwa kwamba nafasi ya kazi ipo, ila "uje vizuri". Ni baba anayesimama dukani na noti ya shilingi elfu kumi, akikumbuka kwamba zamani noti hiyo ilijaza kikapu.

Mara nyingi tumewajibu watu hawa haraka mno. Tumewaambia kwamba hizo ni dalili za mwisho, tukafunga kwa ombi. Ni kweli kwamba Biblia imetabiri siku za hatari. Lakini mtu aliyeumizwa na nchi yake hahitaji kwanza kuambiwa tarehe ya dunia. Anahitaji kujua kama Mungu anaiona nchi hiyo, na kama yeye bado ana wajibu wowote kwake.

Juma hili tutaketi na nabii aliyeipenda nchi iliyokuwa inaporomoka mbele ya macho yake, na ambaye Mungu alimwagiza jambo la ajabu: akanunue kiwanja humo humo.

JUMAPILI: Fedha Kumi na Saba

Soma Yeremia 32:1–15. Yeremia alikuwa wapi aliponunua shamba, na mji ulikuwa katika hali gani?

Ulikuwa mwaka wa kumi wa Sedekia. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka Yerusalemu. Yeremia mwenyewe alikuwa amefungwa katika uwanda wa walinzi, tena na mfalme wa taifa lake, si na adui. Ndipo Hanameli, mtoto wa ami yake, akaja na biashara: nunua shamba langu la Anathothi, maana haki ya ukombozi ni yako.

Tusione haya kusema wazi kwamba hiyo ilikuwa biashara mbovu. Anathothi ni mwendo mfupi tu kutoka Yerusalemu, upande wa Benyamini, eneo ambalo majeshi yalikuwa yakipita. Nani hununua shamba ambalo askari wa kigeni wamepiga kambi jirani nalo? Hanameli huenda alihitaji fedha taslimu akimbie au ale. Na Yeremia alijua kuliko wote kwamba mji utaanguka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akilihubiri jambo hilo kwa miaka mingi.

Hata hivyo alinunua, na angalia alivyonunua. Alipima fedha kwa mizani, shekeli kumi na saba. Aliandika hati na kuitia muhuri. Aliita mashahidi. Kulikuwa na nakala mbili, moja iliyofungwa na moja iliyo wazi, na zote akampa Baruku azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Serikali imekaribia kuanguka, mahakama hazieleweki, lakini mtu wa Mungu anafuata utaratibu kana kwamba ofisi ya ardhi itafunguliwa kesho asubuhi.

Wakazi wa Itetemia na vitongoji vingine vinavyouzunguka mji wa Tabora wataelewa uzito wa jambo hili kuliko wasomaji wengi. Mji unapopanuka, shamba la babu hugeuka viwanja, na kiwanja kimoja huweza kuuzwa kwa watu wawili au watatu, kila mmoja akiwa na karatasi yake. Katika mazingira kama hayo wapo wanaosema kuandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa mbele ya mashahidi ni kupoteza muda, kwani mwenye fedha ndiye atakayeshinda. Yeremia hakufikiri hivyo. Hati yake safi ilikuwa sehemu ya mahubiri yake.

Sasa soma fungu la 16 hadi la 27. Yeremia alimwomba Mungu maelezo baada ya kulipa, si kabla. Ombi lake linaanza kwa sifa, kisha katika fungu la 25 linaangukia kwenye mshangao: Bwana, unaniambia ninunue shamba, na mji huu tayari uko mikononi mwa Wakaldayo! Huyu ni nabii, na bado hesabu haimwingii akilini. Mungu hakumkemea kwa kuuliza. Alimjibu kwa kumuuliza yeye, kama liko neno gumu lolote asiloliweza.

Je, umewahi kumtii Mungu katika jambo ambalo bado hulielewi? Ombi lako baada ya hapo lilikuwa la namna gani?

JUMATATU: Hongo

Soma Kutoka 23:8, Kumbukumbu la Torati 16:19, Isaya 1:23. Rushwa inamfanya nini mtu anayeipokea?

Sisi wa magharibi mwa Tanzania tunaishi juu ya njia ya neno hili. Katika karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872. Maelfu ya Wanyamwezi wasiotajwa vitabuni walikwenda na kurudi, mizigo mabegani. Na kila msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi fulani ulisimamishwa kulipa nguo, shanga au waya za shaba kabla ya kuruhusiwa kupita au kuchota maji. Malipo hayo yaliitwa hongo.

Hongo ya wakati ule ilikuwa ushuru. Ilidaiwa hadharani, watu wakabishana kwa siku kadhaa, na kila mpagazi alijua kilichotolewa. Ilikuwa na uonevu wake, maana watemi wengine waliipandisha walivyopenda, na msafara wenye kiu haukuwa na la kufanya. Lakini haikufichwa. Leo neno lile lile tunalitumia kwa malipo ya gizani, yanayopewa majina ya upole: chai, kitu kidogo, ya maji, asante. Lugha yetu imelibeba neno kutoka barabarani hadi chini ya meza.

(Tukumbuke pia kwamba njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Anayesema kwamba zamani nchi hii ilikuwa safi na ni juzi tu imeharibika, hajaisoma historia ya mahali anapokanyaga.)

Tanganyika haikuzaliwa bila kuonywa. Wazee wa Tabora wanakumbuka mkutano wa TANU wa Januari 1958 uliofanyika katika mji huu, uliotoa ule unaoitwa Uamuzi wa Busara, chama kikakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Wanachama wa chama hicho walikuwa na ahadi zao, na mojawapo ilikuwa kutotoa wala kupokea rushwa. Baadaye tuliona mengine. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba ilieleza kwamba kuna wanaopokea rushwa kwa kuwa kipato hakitoshi, na kuna wakubwa wanaopokea kwa tamaa tu. Mwaka 2008 taifa lilisikia kwamba zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu, katika akaunti ya EPA, kwenda kwa kampuni 22. Mwezi mmoja baadaye Waziri Mkuu akajiuzulu kwa sababu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka 2014 likaja suala la akaunti ya Tegeta Escrow. Mtu aliyezaliwa 1990 amekulia katika habari hizi. Tusishangae akichoka.

Soma Matendo 24:24–27. Feliki alitarajia nini kwa Paulo, na Paulo alilipa gharama gani kwa kutokumpa?

Miaka miwili gerezani! Paulo alikuwa na marafiki ambao bila shaka wangechanga. Injili ilimhitaji nje. Hoja zote tunazozitumia sisi, kwamba ni kidogo tu, kwamba kazi ya Mungu isikwame, kwamba hata yeye anajua sina njia nyingine, zilikuwa tayari kwenye meza yake. Hakulipa. Lakini pia hakukaa kimya kama mtu aliyekata tamaa na sheria. Katika sura inayofuata alitumia haki yake ya uraia na kukata rufaa kwa Kaisari. Kwetu, sheria ya mwaka 2007 inamhesabu mtoaji na mpokeaji wa rushwa kuwa wakosaji wote wawili, na TAKUKURU wana namba ya simu ya bure, 113. Mkristo anayepiga namba hiyo hajaondoka katika imani.

JUMANNE: Kilio cha Wake Zao

Soma Nehemia 5:1–13. Orodhesha malalamiko matatu ya watu. Ni yapi unayoyasikia mahali unapoishi?

Watu wa Nehemia hawakuwa na nafaka. Wengine waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate chakula wakati wa njaa. Wengine walikopa fedha kulipa kodi ya mfalme, na binti zao wakaingia utumwani. Biblia inataja waziwazi kwamba kilio kilikuwa cha watu na cha wake zao. Anayepika ndiye wa kwanza kujua bei imepanda.

Wa rika langu tunakumbuka foleni za sukari na sabuni za miaka ya 1980 mwanzoni, na ile operesheni ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakitupa bidhaa usiku ili wasikamatwe nazo. Vijana wanakumbuka 2022, lita ya petroli ilipovuka shilingi 3,000 na Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza makali, na mwanzo wa 2024, kilo ya sukari ilipopita 4,000 mahali pengi. Hapa mwalimu wa darasa awe mwangalifu. Si kila bei inayopanda imepandishwa na mwizi. Mafuta yalipanda dunia nzima baada ya vita ya Ukraini kuanza. Sukari iliadimika mvua nyingi za El Nino zilipokwamisha mashamba na viwanda vya miwa. Kumshuhudia jirani uongo ni dhambi hata kama jirani huyo ni waziri.

Lakini Nehemia anatuonyesha kwamba ndani ya njaa ya kweli kuna wanaoikuza kwa faida yao. Hakuwashutumu Waajemi. Aliwageukia wakuu na mashehe wa Wayahudi wenyewe, ndugu waliokuwa wakiwatoza ndugu zao riba. Alikasirika sana, kisha akafanya shauri na moyo wake kwanza, ndipo akasema. Hatua hiyo ya katikati ndiyo inayokosekana mara nyingi kwetu. Tunakasirika, halafu tunasambaza ujumbe kwenye simu.

Kisha soma fungu la 14 hadi la 19. Maliwali waliomtangulia walichukua chakula, divai na shekeli arobaini za fedha. Nehemia kwa miaka kumi na miwili hakula chakula cha liwali, ingawa kilikuwa haki yake, na mezani pake walikula watu mia moja na hamsini. Haki hiyo hakuidai kwa sababu mzigo ulikuwa mzito juu ya watu. Ellen White, katika Manabii na Wafalme, ameipa habari ya sura hii nafasi ya pekee, na inafaa kusomwa na kila mzee wa kanisa aliyechaguliwa mwaka huu.

Kijana mmoja katika darasa la Itetemia aliuliza hivi: "Mwalimu, nikiomba kwa ajili ya viongozi kama Paulo alivyoagiza, si ni kama ninawaunga mkono wanaotuibia?" Darasa lilinyamaza. Mama mmoja akamjibu kabla ya mwalimu: "Mwanangu, mimi nawaombea wasilale usingizi." Naona mama yule alikuwa karibu na Nehemia kuliko wengi wetu. Kumwombea kiongozi ni kumpeleka mbele ya Hakimu wake.

JUMATANO: Debe Letu

Soma Amosi 8:4–6, 2 Wafalme 5:20–27, 1 Samweli 12:1–5, Luka 3:10–14.

Somo la leo ni fupi, nalo ndilo tunalolipenda kidogo.

Amosi hakulaumu ikulu peke yake. Alitaja kipimo kidogo, uzito ulioongezwa na mizani ya udanganyifu, tena akasema wafanyao hivyo walikuwa wakiisubiri Sabato iishe ili wakafungue biashara. Sisi tunaisubiri jua lizame Ijumaa, ni vema. Lakini gunia la lumbesa analolazimishwa mkulima kulishindilia hadi lizae kichwa, debe lililobonyezwa ubavu, kopo la sadolini lenye kitako kilichoinuliwa kwa ndani, vitu hivi havijui nani ni Msabato na nani si Msabato. Gehazi naye hakuiba hazina ya taifa. Alichukua talanta mbili na mavazi mawili kwa mgeni aliyeshukuru, kwa jina la mtumishi wa Mungu ambaye alikuwa amekataa.

Samweli alipostaafu alisimama mbele ya watu akawauliza ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa. Nani kati yetu, mhazini, mkuu wa shule, karani wa ushirika, angeweza kuuliza swali hilo hadharani na kusubiri jibu? Taarifa ya fedha ya kanisa isisomwe harakaharaka wakati watu wanatafuta viatu. Na kila bahasha ya zaka ipate risiti. Kijana aliyepoteza imani na taifa ataangalia kwanza kama angalau hapa hesabu zinafungamana.

Washiriki wa Tabora wana jaribu lao la pekee. Mkoa wetu ni wa tumbaku. Bei ya kila kitu inapopanda, tumbaku huonekana kuwa mlango pekee wa ada ya shule, na mshiriki anayebaki na mizinga ya nyuki na mahindi huchekwa. Msimwache mshiriki huyo peke yake na msimamo wake. Luka 3 inamwambia mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, kabla ya kuwaambia watoza ushuru wasizidishe na askari watosheke na mshahara.

ALHAMISI: Nchi Iliyo Bora

Soma Waebrania 11:8–16 pamoja na Yeremia 29:4–10. Je, mafungu haya yanapingana?

Ibrahimu alikaa katika hema akiutazamia mji ambao mwenye kuujenga ni Mungu. Sisi Waadventista tumelibeba tumaini hilo ndani ya jina letu. Lakini tumaini hilo limetumiwa vibaya na baadhi yetu kuwa ruhusa ya kutojali: dunia hii itateketea, ya nini kulalamikia barabara? Yeremia aliandika barua kwa watu waliokuwa katika nchi isiyo yao, na hata huko akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia amani mji ule. Ikiwa Babeli ilistahili bustani na maombi, Tanzania inastahili.

Na wanaoondoka? Elimeleki alitoka Betlehemu kwenda Moabu kwa ajili ya njaa, na kitabu cha Ruthu hakimlaumu kwa neno hata moja. Wapo wana wetu walio Dar es Salaam, Muskat na Marekani ambao fedha zao ndizo zinazolipa bima ya wazazi hapa. Wapagazi wa Unyamwezi nao waliondoka mwaka baada ya mwaka kwenda pwani, wakarudi na nguo za kuolea. Kuondoka si kukana. Mtu anaweza kukaa Itetemia maisha yake yote na moyo wake ukawa umekwisha kuhama.

Yeremia hakula mavuno ya Anathothi. Alichukuliwa hadi Misri (Yer. 43:6, 7), na miaka sabini aliyoitabiri haikuwa ya umri wake. Hati ilibaki katika chombo cha udongo. Ukitembea sehemu za njia ya zamani kuelekea Ujiji utaona miembe mikubwa ambayo watu husimulia kwamba ilitokana na misafara. Waliotupa kokwa au kuzifukia hawakungoja kivuli chake. Siku ya pili walikuwa wameshajitwika mizigo tena.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Habakuki 1:1–4 na 3:17–19, ukilinganisha mwanzo wa kitabu na mwisho wake. Nabii aliyeanza kwa kulalamika kwamba sheria imelegea alimaliza akimfurahia Mungu huku zizini hamna ng'ombe. Bei haikushuka kati ya sura ya kwanza na ya tatu. Soma pia Danieli 6:1–5, juu ya mtumishi wa serikali ambaye maadui zake walikagua kazi yake wakakosa pa kushika.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kupoteza imani na viongozi, kupoteza imani na nchi, na kupoteza imani na Mungu? Je, moja huweza kumpeleka mtu kwenye lingine? Kwa njia gani?

2. Mshiriki wenu ana mgonjwa mahututi, na anaombwa fedha isiyo halali ndipo ahudumiwe. Kikundi chenu kingemsaidiaje kabla, wakati na baada ya saa hiyo? Msijibu haraka, na mwacheni aliyewahi kupita hapo aseme kwanza.

3. Ni jambo gani la haki mnalotumia kila juma, kipimo, mkataba, risiti au mkopo kati ya washiriki, ambalo lingeweza kurekebishwa kabla ya Sabato ijayo? Nani atalisimamia?

4. Kama Bwana angekuambia ununue "shamba la Anathothi" mahali unapoishi leo, lingekuwa nini, na ungehitaji mashahidi gani?